Premio na Allion kwa familia ya Mzenga: injini, daraja la vifaa na hali ya barabara

Familia inayoishi Mzenga, katika Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, hulitaka gari moja lifanye kazi mbili zisizolingana. Gari hilo linatakiwa kupita katika barabara ya Mlandizi na Maneromango, ambako vumbi la kiangazi hugeuka tope la masika, likiwa na watoto, mzee anayewahi kliniki na kiroba cha mihogo kwenye buti. Na siku hiyohiyo linatakiwa kuingia Barabara ya Morogoro, kuvumilia foleni ya Kibaha na Mbezi, na kurudi jioni bila kuwa limekula mafuta ya wiki nzima. Treni ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na yenye stesheni hapohapo Mzenga, ina ratiba yake na haimsubiri mgonjwa. Bodaboda nayo hubeba mtu mmoja au wawili, na mvua ikinyesha huwafikisha wakiwa wamelowa chapachapa. Kwa hiyo kaya inayopata kiinua mgongo, fedha za korosho au mkopo wa chama cha akiba na mikopo huanza kufikiria gari, na uamuzi huo unastahili utulivu mkubwa kuliko ule unaopewa mara nyingi, kwa sababu gari lisilofaa linaweza kumaliza akiba ya miaka kumi katika misimu miwili ya masika.

Katika soko la Tanzania, saluni ya familia ya ukubwa wa kati, yaani gari la abiria watano lenye milango minne na buti lililotengwa na chumba cha abiria, kwa watu wengi maana yake ni Toyota Premio au ndugu yake, Toyota Allion. Magari haya mawili yalianza kuuzwa Japani Desemba 2001, Premio ikirithi nafasi ya Corona na Allion ikirithi nafasi ya Carina, majina ambayo madereva wa makamo wa Dar es Salaam na Pwani bado huyataja kwa heshima. Kizazi cha kwanza, kinachotambulika kwa namba 240 katika alama ya chasisi, kiliendelea hadi 2007. Cha pili, chenye namba 260, kilianza mwaka huo, kikabadilishwa sura mwaka 2010 na tena 2016, na uzalishaji ukakoma Machi 2021. Chini ya bodi ni gari moja: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,700 kwa yote mawili, injini ni zilezile na gia boksi ni zilezile, ila Premio imevishwa sura ya utulivu na mapambo yenye mfano wa mbao, ilhali Allion imevishwa sura ya ujana. Wanaobishana kuhusu ipi iliyo imara kati ya hizo mbili hubishania nguo, si mwili.

Swali lenye uzito ni injini gani iliyomo chini ya boneti, imefungwa gia boksi ya aina gani, na gari lilitoka kiwandani likiwa katika daraja gani la vifaa. Daraja la vifaa ni kiwango cha starehe na mapambo ambacho mtengenezaji hukipangia bei yake ndani ya jina moja la gari, kiasi kwamba Premio mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kutofautiana katika viti, taa, rimu na ufunguo. Kabla ya kuamini herufi zilizobandikwa nyuma ya gari, ambazo hubanduliwa na kubandikwa nyingine kwa dakika tano, mnunuzi afungue boneti na kutafuta bamba dogo la chuma lililokazwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Bamba hilo limeandikwa Kijapani na Kiingereza, mara nyingi limefunikwa vumbi, na kitambaa chenye unyevu kidogo hutosha kulisafisha. Penye neno MODEL hukutwa alama kama DBA-NZT260, na penye neno ENGINE hukutwa jina la injini pamoja na ujazo wake, kwa mfano 1NZ-FE na 1496. Herufi zilizo kabla ya kistari cha kwanza, kama UA, CBA au DBA, ni alama za Japani za kiwango cha moshi. Zinazofuata ndizo zenye siri ya gari. NZT ni injini ya lita 1.5 katika vizazi vyote viwili; ZZT ni lita 1.8 ya kizazi cha kwanza. AZT ni lita 2.0 ya kizazi hichohicho. Na katika kizazi cha pili ZRT260 ni lita 1.8, ZRT261 ni lita 2.0. Namba ikiishia na 5, kama ZZT245 au ZRT265, gari husukumwa na magurudumu yote manne. Mtu aliyekariri sentensi hizo chache hawezi kuuziwa injini asiyoitaka.

Injini ya 1NZ-FE, ambayo mafundi huiita ya sisi 1500, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,496 na nguvu za farasi zinazokaribia 110. Imefungwa mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha wakati wa valvu kufunguka kulingana na mwendo ili mafuta yaungue vizuri zaidi, na taimingi yake huendeshwa kwa cheni ya chuma badala ya mkanda wa raba, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Sifa yake kubwa kwa mkazi wa Mzenga haimo katika karatasi za kiwanda: injini hiyohiyo imo katika Ist, Raum, Spacio, Probox na Corolla Fielder, magari yaliyojaa nchini, kwa hiyo koili, plagi, sensa na pampu ya maji hupatikana Gerezani pale Kariakoo zikiwa mpya au za mtumba, na fundi wa Mlandizi huenda ameshaifungua mara nyingi kabla gari la mteja wake halijafika. Upungufu wake ni wa wazi: ikiwa na watu wazima watano, mizigo na kiyoyozi, hupanda mlima kwa kuvuta pumzi, na dereva anayetaka kulipita lori la mchanga hana budi kusubiri nafasi ndefu.

Injini ya lita 1.8 ya kizazi cha kwanza, 1ZZ-FE, yenye ujazo wa 1,794 na nguvu za farasi 132, ina nguvu ya kutosha, lakini ina doa linalojulikana duniani kote: katika injini nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2005, vitundu vya pistoni vinavyorudisha oili chini ni vidogo, huziba kwa masizi, na oili hubaki ikipenya kwenye ringi na kuungua pamoja na petroli. Mwenye gari huona moshi wa bluu asubuhi na dipstiki inayokauka kati ya sevisi moja na nyingine, naye asiyezoea kuipima oili hugundua tatizo siku injini inapogonga. Mrithi wake katika kizazi cha pili, 2ZR-FE, yenye ujazo wa 1,797 na nguvu za farasi 136, iliachana na aibu hiyo, nayo ndiyo injini inayowafaa wanaosafiri mara kwa mara kwenda Iringa au Mbeya wakiwa wamejaa. Kuanzia mabadiliko ya 2010, injini ya 1.8 ilipewa mfumo wa Valvematic na kuitwa 2ZR-FAE. Mfumo huo hubadilisha hata kimo cha valvu kufunguka, hupunguza ulaji wa mafuta na kuongeza nguvu, lakini huendeshwa na kifaa cha umeme kilichofungwa juu ya injini ambacho kikifa huwa ghali, na si kila fundi wa pembezoni anakifahamu.

Injini inayostahili onyo kali kuliko zote ni 1AZ-FSE ya lita 2.0 katika kizazi cha kwanza, ile ambayo mtaani huitwa D4. Katika injini ya kawaida petroli hunyunyizwa kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, na kwa kufanya hivyo huosha valvu za kuingiza hewa. Katika D4 petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda na pampu ya shinikizo kubwa, kwa hiyo valvu haziogeshwi, masizi hujikusanya, na gari likisimama kwenye mataa huanza kutetemeka na kutaka kuzima. Pampu yenyewe hulainishwa na petroli inayopita ndani yake, na sehemu zake zimekaribiana mno, kiasi kwamba maji kidogo, mchanga au mafuta ya taa yaliyochanganywa huikwaruza. Nchini Tanzania mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kubaini uchakachuaji, na hatua hiyo imewasaidia sana wenye magari. Lakini petroli iliyokwisha kutoka kituoni, ikahifadhiwa kwenye dumu chini ya kibanda na kuuzwa kwa chupa vijijini, iko nje ya ulinzi huo. Dereva anayeishiwa mafuta akiwa mbali na kituo hununua chupa hiyo kwa sababu hana njia nyingine. 1NZ-FE itaimeza na kuendelea; D4 inaweza kumwachia bili. Wamiliki wa Toyota Noah wanalijua jambo hili kwa uchungu, kwani Noah ya zamani ya alama SR40, iliyopata umaarufu mkubwa vijijini, ilikuwa na injini nyepesi kutengeneza ya 3S-FE, na wale walioiacha wakanunua Noah au Voxy iliyotoka 2001 walijikuta mikononi mwa 1AZ-FSE hiyohiyo.

Woga huo hata hivyo umevuka mpaka, kwa kuwa wapo wanaoikataa kila Premio ya lita 2.0 wakidhani ni D4. Lita 2.0 ya kizazi cha pili, 3ZR-FAE, yenye ujazo wa 1,986 na nguvu za farasi 158, hunyunyiza petroli kwa njia ya kawaida, nayo ni injini njema; gharama yake iko kwenye kituo cha mafuta na kwenye Valvematic iliyotajwa, si kwenye pampu.

Injini ikishajulikana, gia boksi hufuata, na hapa ndipo magari mengi ya familia hufia. Magari ya kizazi cha kwanza ya lita 1.5 na 1.8 yana otomatiki ya gia nne, inayobadilisha gia kwa shinikizo la hidroliki, ilhali lita 2.0 ya kizazi hicho na magari ya kizazi cha pili yana CVT, yaani gia boksi isiyo na gia za hatua, ambamo mkanda wa chuma hukaa kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana ili kupata uwiano wowote unaohitajika. Kwenye lami CVT ni raha tupu, gari huteleza bila mshtuko na mafuta hupungua. Kwenye kichanga kirefu au tope, dereva anayekandamiza pedeli huku magurudumu yanazunguka mahali pamoja huchemsha oili yake, na mkanda unaoteleza juu ya puli huacha mikwaruzo isiyofutika. Gari lenye CVT likikwama lisilazimishwe: abiria washuke, matawi au magunia yawekwe chini ya magurudumu ya mbele, upepo wa tairi upunguzwe kidogo, na gari lisukumwe kwa mikono huku injini ikiunguruma taratibu. Kosa baya kuliko hilo hufanyika gereji, pale fundi anapoijazia CVT hidroliki ya kawaida kwa hoja kwamba zote ni nyekundu na zote ni za otomatiki. CVT ina oili yake, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na aghalabu kwenye stiki ya kupimia, na mmiliki ajinunulie mwenyewe dumu lililofungwa, alipeleke gereji kwa mkono wake, na asimame hapo hadi lifunguliwe mbele ya macho yake.

Kuhusu daraja la vifaa, upotoshaji mkubwa uko katika herufi moja. Premio hupangwa kwa herufi F kwa lita 1.5, X kwa lita 1.8 na G kwa lita 2.0, kisha huongezewa jina la kifurushi. Wauzaji wengi huitangaza Premio yenye jina la L Package kana kwamba L ni alama ya anasa, na wanunuzi hukubali kuongeza fedha. Ukweli ni kwamba huko Japani L Package ilikuwa daraja la bei nafuu, lililopunguziwa vifaa, na daraja la anasa ndilo lililoitwa EX Package. Katika Allion, A15, A18 na A20 ni ujazo wa injini, G-plus ikiwa daraja la juu la starehe na S likiwa la mwonekano wa kimichezo. Hakuna ubaya wowote katika kununua L Package, na kwa barabara ya Mzenga huenda ndiyo chaguo la busara zaidi kati ya yote, mradi bei yake iwe bei ya daraja la chini. Taa za zenoni za madaraja ya juu hutoa mwanga mweupe unaopendeza, lakini kifaa kinachoziwasha kikifa hugharimu mara nyingi zaidi ya balbu ya kawaida inayouzwa dukani Mlandizi. Ufunguo wa kubonyeza huleta heshima, lakini ukipotea mbali na mji gari hulala hapohapo. Kila kifaa cha umeme kilichoongezwa ni kifaa ambacho vumbi jekundu litakitafuta. Fedha inayotakiwa kulipia daraja la juu ingeweza kulipia gari jipya zaidi kwa miaka miwili, au lililotunzwa vizuri zaidi, na hayo mawili ndiyo yanayohisiwa baada ya mwaka.

Kifaa kimoja cha daraja kinastahili kutazamwa kwa karibu, nacho ni tairi. Premio ya lita 1.5 ya kizazi cha pili hutoka na tairi iliyoandikwa 185/65R15, maana yake upana wa milimita 185, kimo cha ukuta wa pembeni kikiwa asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Kimo hicho ni kama milimita 120 za raba na hewa kati ya jiwe na chuma. Kijana anayetaka gari lake lionekane hubadilisha na kuweka rimu ya inchi 17 yenye tairi 215/45, ambayo ukuta wake ni kama milimita 97, na kwa kufanya hivyo hupoteza zaidi ya sentimita mbili za mto uliokuwa ukimeza mashimo. Rimu hupinda, tairi huvimba ubavuni, bushi na boljoint hulegea mapema, na usukani huanza kutetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80. Mnunuzi anayekuta gari zuri lenye rimu kubwa apunguze bei kwa gharama ya kurudisha rimu za asili, kwa sababu atazihitaji.

Urefu wa gari kutoka ardhini ndio udhaifu wa kweli wa Premio na Allion huko Kisarawe. Kiwandani huachiwa takribani sentimita 16 gari likiwa tupu. Watu watano wakiingia na buti likijaa, nafasi hiyo hupungua, na katika njia ambayo malori ya mkaa na mazao yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, tuta linalobaki katikati ndilo linalogusa. Kwanza huondoka plastiki inayofunika chini ya injini, ambayo wengi huitupa wakiona haina kazi. Kisha hufuata sampu, yaani bakuli la chuma linalobeba oili, ambalo likitoboka bila dereva kujua huifisha injini ndani ya kilomita chache. Plastiki hiyo irudishwe, na juu yake mwenye gari la vijijini aongeze bati nene la kinga, lililofungwa kwa bolti zinazofunguka ili fundi aweze kumwaga oili. Wengi huinua gari kwa spesa, yaani vipande vinavyowekwa juu ya springi. Kuinua kwa sentimita mbili au tatu kunavumilika, lakini kuinua zaidi kunazipa shafti pembe zisizozizoea, raba zinazozifunika hupasuka, mchanga huingia, na mlio wa ta-ta-ta hujitokeza gari linapokata kona. Springi ngumu zaidi na shokamzoba mpya za ubora mzuri ni ghali kuliko spesa, nazo hudumu.

Maoni ya wanaomiliki magari haya, ukiyakusanya kutoka vijiwe vya teksi, gereji na familia zilizokaa nayo miaka mitano au zaidi, yanaelekea upande mmoja kuliko ilivyo kawaida kwa magari mengine. Husifiwa kwa ukimya wa ndani, kwa viti ambavyo havimchoshi mzee, kwa kiti cha nyuma kinacholala kidogo na kukunjwa ili mzigo mrefu upite kutoka kwenye buti, na kwa mafuta: wenye lita 1.5 hutaja kilomita 11 hadi 15 kwa lita moja kwa kutegemea foleni na mguu wa dereva, na kwa kuwa tangi hubeba lita 60, safari kadhaa za Dar es Salaam hupita kabla ya kurudi kituoni. Hulalamikiwa kwa bampa ya mbele inayokwaruza, kwa shokamzoba za nyuma zinazochoka upesi kwenye vumbi, na kwa upana. Malalamiko ya mwisho yana sababu ya kisheria: Japani huweka magari yenye upana usiozidi milimita 1,700 katika kundi lao, na Toyota iliyabana haya kwenye 1,695, kwa hiyo watu wazima watatu nyuma hukaa mabega yakigusana. Familia yenye watoto watatu wanaokua ilifikirie hilo kabla, si baada ya mtoto wa kwanza kufika kidato cha nne.

Kwa anayeagiza gari mwenyewe, ushuru ndio unaowashtua wengi. Tanzania, tofauti na Kenya inayokataza magari yaliyozidi miaka 8, huruhusu gari la umri wowote, lakini huutoza umri huo. Kwa utaratibu uliozoeleka, mamlaka ya mapato, TRA, hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini iliyo kati ya sisi 1001 na 2000, ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 au 9 na asilimia 30 kwa gari la miaka 10 na zaidi, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Gari linalothaminiwa shilingi 10,000,000 hadi bandarini, likiwa na miaka zaidi ya 10, hutozwa 2,500,000 za forodha. Juu ya 12,500,000 zinazopatikana huja 625,000 za ushuru wa bidhaa na 3,750,000 za uchakavu. Na VAT ya jumla hiyo ni 3,037,500. Jumla ni shilingi 9,912,500, kabla ya tozo ndogondogo na usajili, yaani gari jingine zima. Thamani inayotumiwa ni ile iliyomo katika mfumo wa TRA wa magari yaliyotumika, si lazima iwe ya ankara. Faida iliyojificha ni kwamba lita 1.5, 1.8 na 2.0 zote ziko ndani ya kundi la asilimia 5, kwa hiyo ukubwa wa injini haubadilishi kiwango cha kodi kati ya Premio moja na nyingine, wakati Mark X ya lita 2.5 huangukia asilimia 10.

Anayenunua gari lililokwisha kutembea nchini hukutana na kipimo cha mtaani, kile cha herufi ya namba ya usajili: gari hutangazwa kuwa ni namba D au namba E, na bei hupanda na kushuka kwa herufi hiyo. Herufi hiyo humwambia mnunuzi gari liliingia lini katika daftari la Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa haionyeshi. Allion ya 2004 inaweza kuwa na namba E kwa kuwa ilisajiliwa juzi, na Premio ya 2008 ikawa na namba C kwa kuwa ilikuja mapema. Kilomita za kwenye dashibodi nazo hushushwa, na ushahidi wa kuzikanusha uko mbele ya macho ya anayetazama: pedeli ya breki iliyolika hadi chuma kuonekana, ngozi ya usukani iliyong'aa, na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango havilingani na kilomita 70,000. Gari lililotoka mnadani Japani lina karatasi ya mnada yenye daraja la hali yake, na herufi R katika karatasi hiyo humaanisha lilishatengenezwa baada ya kuumia.

Siku ya kulikagua, muuzaji aombwe asiliwashe gari kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu injini baridi ndiyo inayosema kweli: cheni iliyolegea hulia sekunde chache za kwanza, moshi wa bluu hutoka wakati huo, na CVT iliyochoka hutetema pale gia ya D inapoingizwa. Kisha gari litolewe kwenye lami, lipite kilomita chache za vumbi huku fundi akiwa kiti cha nyuma akisikiliza. Kadi ya gari ilinganishwe na namba ya chasisi herufi kwa herufi, madeni ya faini za barabarani yaangaliwe, na muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kadi au aje na mwenye jina; kadi iliyoshikwa na mkopeshaji haikombolewi kwa maneno matupu.

Baada ya hapo utunzaji ni mwepesi lakini hauvumilii kusahau. 1NZ-FE huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na kwa vumbi la Mzenga kilomita 5,000 ni kikomo. Filta ya hewa itolewe na kupulizwa mara mbili kati ya sevisi, na ile ya kiyoyozi, iliyojificha nyuma ya boksi la dashibodi na ambayo wamiliki wengi hawajawahi kuiona, itazamwe pia. Rejeta isijazwe maji ya kisima, kwa kuwa chumvi yake hula aluminiamu kutoka ndani. Dumu la kulanti likae kwenye buti pamoja na jeki, tairi ya akiba yenye upepo, na kipande cha ubao cha kuiwekea jeki chini isizame kwenye mchanga.

Na kwa Aprili, mvua inapokuwa imekwisha kuulainisha udongo wa mfinyanzi hadi hata bodaboda zinateleza, mwenye Premio apange mapema na ndugu au rafiki wa Mlandizi ili gari lilale huko kwa wiki chache, na nauli ya bodaboda kati ya nyumbani na Mlandizi, kwenda na kurudi, aiandike katika bajeti ya gari tangu siku ya kulinunua, pamoja na bima na oili.